UZI: Treni, feri na daraja. Mombasa ya bara ilipangwa na nani, na kwa ajili ya nani?

1. Kila msimu wa siasa hapa Mombasa maswali ni yaleyale. Treni itafika lini mjini? Daraja la Likoni liko wapi? Mbona Kisauni imejengwa ovyo? Mwenye maiki anajibu kwa ahadi, mpinzani wake anajibu kwa lawama, na sisi huku mtandaoni tunagawana timu mpaka usiku wa manane. Mimi nasomea siasa, na nimekuwa nikichimba ripoti za zamani, Hansard, gazeti rasmi la serikali na hukumu za mahakama kuhusu mambo haya. Uzi huu hautaji mwanasiasa wala chama. Tulia, ni mrefu kidogo.

2. Tuanze na hesabu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa. Mvita, yaani kisiwani, walikuwa 154,171 tu. Kisauni 291,930. Likoni 250,358. Nyali 216,577. Jomvu 163,415. Changamwe 131,882. Piga hesabu mwenyewe: katika kila watu 100 wa Mombasa, 87 wanalala upande wa bara. Halafu ofisi za serikali, mahakama, benki na soko kubwa la nguo viko wapi? Kisiwani. Basi kila alfajiri mji mzima unavuka maji.

3. (Nikisema "bara" hapa simaanishi Nairobi. Namaanisha sisi wa ng'ambo: kaskazini Kisauni na Nyali, magharibi Changamwe na Jomvu, kusini Likoni.)

4. Kisiwa kina njia tatu kubwa za kutokea. Makupa kwenda Changamwe. Nyali kwenda Kisauni. Likoni kwenda kusini. Ukitaka kuelewa kwa nini mitaa hii mitatu haifanani, uliza kila njia ilifunguliwa na nani, na alikuwa anatafuta nini. Majibu ni matatu tofauti, na hakuna hata moja ambalo ni "ili mkaazi afike kazini".

5. MAKUPA. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza iliyopewa kazi ya kusimamia eneo hili ilianza kutandaza reli nyembamba ya kwenda bara. Ilifika maili saba hivi, pesa zikakata, mradi ukafa. Vyuma vyake vikang'olewa vikatumika mjini kwa vigari vidogo vya kusukumwa kwa mikono. Tazama picha za Mombasa za mapema karne ya 20: bwana na bibi wamekaa juu chini ya kipaa, vijana wanasukuma nyuma. Huo ndio ulikuwa usafiri wa kwanza wa reli ndani ya mji wetu, na kutoka siku hiyo ilijulikana nani anapanda na nani anasukuma.

6. Reli yenyewe ilianza kujengwa 1896 kutoka Mombasa. Ikafika Nairobi 1899, na Kisumu 1901. Ilivuka Makupa kwa daraja, na 1929 likajengwa tuta la Makupa ambalo wengi wetu tumelitumia mpaka juzi juzi, kabla ya daraja jipya kufunguliwa 2022. Lengo la reli lilikuwa Ziwa Victoria na Uganda, na baadaye mazao ya walowezi. Changamwe ilipata stesheni kwa sababu iko njiani kati ya bandari ya Kilindini na bara. Treni ilipita na mzigo. Mtu wa Changamwe aliisikia honi tu.

7. NYALI. Upande wa kaskazini hadithi ni nyingine. Makazi ya kupangwa yalianza zamani kuliko watu wanavyodhani: Frere Town ilianzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kengele yao ndiyo iliyotupa jina la Kengeleni. Kwa hiyo anayekwambia Kisauni haijawahi kupangwa, mpeleke Kengeleni akaangalie.

8. Lakini njia ya kuvukia ilikuja kwa sababu ya mashamba. Mwaka 1931 lilifunguliwa daraja la kuelea la Nyali, lenye ushuru wa kuvuka, na pamoja nalo mashamba ya mkonge ya Nyali yakaanza kugeuka mtaa wa watu wenye uwezo: viwanja vikubwa, barabara zilizonyooka, ufuo mbele. Daraja la leo, la zege, ni la 1980, lilijengwa kwa msaada wa Japani. Ukisimama Nyali ukatazama upande wa Mlaleo au Mshomoroni, unaona mpango wa mtaa mmoja ulipoishia. Na reli? Haikuvuka kabisa kwenda kaskazini. Mpaka leo hii hakuna hata mita moja.

9. LIKONI. Kusini hapakuwa na reli wala daraja. Kulikuwa na mashua, kisha feri. Mwaka 1937 kampuni ya mabasi ndiyo iliyoanza kuendesha feri kwa makubaliano na halmashauri ya mji. Mwaka 1989 feri ikaingia chini ya Mamlaka ya Bandari, 1998 ikaundiwa kampuni yake, na sasa imerudishwa tena kwa bandari. Nahodha amebadilika mara nne, abiria ni yuleyule.

10. Na abiria huyo amelipa kwa roho. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama, watu 272 wakafa. Wengi walikuwa wanavuka kuja kazini mjini. Ukisikia mtu jukwaani anaiita feri "kero ya foleni", kumbuka tarehe hiyo. Kwa watu wa Likoni na Mtongwe hili ni suala la uhai.

11. Sasa turudi kwenye ile lawama: "watu wa bara wamejenga ovyo, wamevamia ardhi." Hapa ndipo faili za zamani zinasaidia. Mwaka 1908 ilipitishwa Sheria ya Hatimiliki za Ardhi kwa ajili ya Pwani. Kila mwenye madai alitakiwa kuyapeleka kwa ofisa wa kusajili na kuthibitisha. Ardhi ambayo haikudaiwa kwa njia hiyo ikawa mali ya serikali ya kikoloni. Mwenye karatasi, wakili na mtu wa kumwendea ofisini alipata hati. Mmijikenda aliyelima kwa desturi ya ukoo, ardhi ya wote, hakuwa na mtu mmoja wa kuandikwa jina, na sheria haikuitambua desturi yake. Akaamka asubuhi ni skwota kwenye mnazi alioupanda babu yake.

12. Kutokana na hapo Mombasa ikazaa kitu ambacho wageni wanashindwa kukielewa: nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, umeijenga, unaweza kuiuza, unaweza kuirithisha. Ardhi ni ya mwingine na unamlipa kila mwezi. Halmashauri za zamani zilikubali mitaa ipimwe hivyo, vyumba sita na ukumbi katikati, kwa sababu ilikuwa njia rahisi ya kupata makazi bila serikali kutoa pesa. Kwa hiyo mitaa mingi tunayoiita ya ovyo ilikuwa na mpango. Tatizo ni kwamba mpango wenyewe haukumpa mkaazi haki ya chini ya miguu yake, na mtu asiye na hati hawekezi kwenye mtaro wala choo kama mwenye hati.

13. Likoni walionja hili kwa ukali. Kuna shamba moja la ekari 930 ambalo mgogoro wake ulidumu miaka mingi mpaka serikali ikalinunua na hati zikaanza kutolewa 2016. Ekari 930! Hapo ni makazi ya maelfu ya watu. Huwezi kuzungumza juu ya barabara, maji au stesheni pale bila kwanza kujua ardhi ni ya nani.

14. Tuje kwenye sehemu ninayoipenda mimi, kwa sababu inaonyesha kuwa wakaazi hawakukaa kimya. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na posho ya nyumba ilikuwa moja ya madai yao makubwa. Serikali ikaunda tume kuchunguza hali ya kazi mjini, na tume hiyo ikalazimika kuandika kuhusu vyumba walivyolala watu. Januari 1947 ukaja mgomo mkuu: watu wapatao 15,000, kwa siku 12. Makuli wa bandari, watu wa reli, wa hoteli, hata wapishi wa majumbani. Mji ulisimama.

15. Kiongozi wao alikamatwa mwaka huohuo akapelekwa mbali, Baringo. Lakini baada ya hapo wakubwa walianza kubadilisha hesabu. Miaka ya 1950 wakataka kuli wa kudumu, aliyesajiliwa, anayeishi na familia yake, badala ya kibarua wa siku. Na kuli wa kudumu anahitaji nyumba karibu na kazi. Ndipo Changamwe ikapata majengo ya halmashauri, pamoja na kota za reli na bandari. Frederick Cooper ameandika kitabu kizima kuhusu makuli hawa, na Richard Stren akaandika juu ya siasa za nyumba za Mombasa. Watafute. Utagundua kwamba mpango wa mtaa ulitoka kwenye shinikizo la watu kwanza, ramani ikafuata.

16. Mwaka 1963 kulikuja kiwanda cha kusafisha mafuta Changamwe, baadaye uwanja wa ndege ukapanuliwa, viwanda vikaongezeka. Watu wakafuata ajira. Mwaka 1978 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa pili wa miji nchini Kenya, na Chaani ikawemo: wakaazi waboreshewe mtaa wao palepale badala ya kubomolewa. Wazo zuri. Lakini angalia Chaani iko wapi. Iko karibu kabisa na reli. Watu wa Chaani, Magongo na Miritini wamepanda matatu miaka yote hii huku chuma kikiwa hapo kinakula kutu.

17. Kuna mtu atasema: "Reli ya zamani ni nyembamba, haifai kwa abiria wa mji." Sio kweli. Nairobi imetumia reli hiyohiyo ya zamani kwa treni za asubuhi na jioni kwa miaka mingi, na stesheni ya Syokimau ikafunguliwa 2012. Mwaka huohuo, Oktoba, wenzetu wa Dar es Salaam walianzisha treni za mjini kwa kutumia njia za zamani za TRL na TAZARA. Hawakusubiri reli mpya. Walichukua chuma kilichokuwepo, wakatengeneza vituo, wakatafuta mabehewa.

18. Halafu ikaja SGR. Kilomita 472 kutoka Mombasa hadi Nairobi, gharama ya takriban shilingi bilioni 327, sehemu kubwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Treni ya abiria ilianza 1 Juni 2017. Stesheni ikawekwa Miritini. Treni ya zamani ya abiria kwenda Nairobi, iliyokuwa inaingia mpaka katikati ya mji, ilikuwa imesimamishwa Aprili mwaka huo.

19. Fikiria mtu wa Likoni anayetaka kuwahi treni ya asubuhi. Avuke feri, akate mji, apite Makupa, Changamwe, ndipo afike Miritini. Mtu wa Kisauni naye avuke Nyali aingie kisiwani ili atoke tena. Stesheni iko bara, na watu 87 kwa 100 wako bara, lakini wengi wao, wa Likoni, Kisauni na Nyali, hupita kisiwani kuifikia, kwa sababu mitaa ya bara haijaunganishwa vizuri yenyewe kwa yenyewe. Shirika la Reli limekuwa na mradi wa kuunganisha Miritini na stesheni ya zamani ya mjini kwa reli nyembamba, pamoja na daraja la reli pale Makupa. Ni jambo jema. Lakini ona njia yake: ni ileile ya 1896. Inamfaa mtu wa Changamwe na Jomvu akipewa vituo vya kutosha. Likoni na Kisauni bado hawamo.

20. Kuhusu daraja la Likoni, tuwe waadilifu pia. Anayesema "ni uvivu tu" hajatazama maji. Mlango wa Likoni ndio mlango wa bandari ya Kilindini. Daraja lolote pale lazima liwe juu kiasi cha meli kupita chini yake, na hiyo ni gharama ya aina nyingine kabisa. Dar walipojenga daraja la Kigamboni, lililofunguliwa 2016, hawakulijenga pale feri inapovuka kwenye mlango wa bandari. Walikwenda ndani, Kurasini, ambako meli kubwa hazifiki. Sisi njia yetu ya ndani ni Dongo Kundu, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa 2018. Inamsaidia sana mwenye lori na mtalii wa Diani. Kibarua wa Shika Adabu anayekwenda Mackinnon kuuza mboga, kuzunguka mpaka Miritini kumgharimu nauli na saa ngapi?

21. Sasa, nguvu iko wapi kikatiba? Hapa ndipo midahalo inapotupoteza. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linasema reli ni kazi ya serikali kuu. Kaunti imepewa mipango ya maendeleo ya kaunti, barabara za kaunti, usafiri wa umma wa barabarani, na hata feri. Ndiyo, feri imeandikwa hapo upande wa kaunti, ingawa ya Likoni inaendeshwa na shirika la serikali kuu. Kwa hiyo mgombea wa kaunti akikuahidi treni, muulize ataijenga kwa mamlaka gani. Na wa kitaifa akikwambia feri haimhusu, muulize basi mbona anaishikilia.

22. Na wananchi wa hapa wameshaonyesha njia. Mwaka 2019 kulikuwa na maandamano ya Jumatatu mjini kupinga agizo la mizigo yote ya makasha kupelekwa kwa SGR mpaka bandari kavu za bara, wakati biashara za malori na maghala ya Changamwe zilikuwa zinafungwa. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua agizo lile lilikiuka Katiba, kwa sababu watu hawakushirikishwa. Mei 2022 mahakama hiyohiyo ikaamuru serikali itoe mikataba ya SGR kwa wanaharakati wawili walioomba kuiona, chini ya Kifungu cha 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Baadaye mwaka huo sehemu ya mikataba ikawekwa wazi.

23. Mimi hapo ndipo naona kiini cha yote. Mwaka 1908 mwenye karatasi alishinda, asiye na karatasi akawa skwota. Mwaka 2022 wananchi walikwenda mahakamani kuidai karatasi yenyewe, na wakashinda. Kumbukumbu za umma ni silaha ya mnyonge akijua kuzisoma. Ukikosa kujua mpango wa mtaa wako umeandikwa nini, utaujua siku buldoza litakapofika.

24. Na sisemi hili kwa kutisha. Treni ikifufuliwa, kuna watu wanaishi na kuuza kandokando ya reli. Nairobi, Kibera na Mukuru, ilibidi kuwe na mpango wa kuwahamisha na kuwajengea watu waliokuwa kwenye ardhi ya akiba ya reli. Kwa hiyo tunapodai treni, tudai na hilo ndani ya barua ileile. Tusije tukashangilia kituo kipya juu ya kibanda cha mama wa watu.

25. Basi mdahalo ujao, badala ya "treni lini?", jaribu haya:

– Vituo kati ya Miritini na mjini vitakuwa vingapi, wapi, na nauli itakuwa chini ya matatu au juu?
– Walio kando ya reli watapelekwa wapi, na kwa maandishi gani?
– Mpango wa matumizi ya ardhi wa Kisauni na Likoni uko wapi, na nakala yake inapatikana ofisi gani?
– Nani atajenga njia ya kuunganisha bara na bara bila kupita kisiwani?
– Feri ya Likoni ni ya nani kikatiba, na kwa nini?

Asiyeweza kujibu hata mawili hajajiandaa, awe upande unaoupenda au usioupenda.

26. Na wewe usiniamini mimi tu. Hansard za bunge ziko mtandaoni, andika "Likoni" usome ahadi za miaka mingi nyuma. Gazeti rasmi la serikali linapatikana bure. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ina faili za mkoa wa zamani wa Pwani. Ombi la kupata habari linaandikwa kwa karatasi moja, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21.

27. Mwisho wa uzi. Kama mzee wako alifanya kazi reli, bandari au feri, na nyumbani kuna tiketi ya zamani, risiti ya kodi ya ardhi, au barua ya halmashauri, ipige picha leo kabla mchwa hawajaimaliza. Futa majina ya watu, uiweke hapa chini. Sensa imeshasema tuko wengi. Kilichobaki ni ushahidi.